Nani wa kukutia moyo? Namna ya kuchagua watu wa afya, kicheko na umenta ukiwa huku Dodoma

Mbukwenyi ndugu zangu. Swali ninaloulizwa kuliko yote, na wanaokuja kwenye tizi letu la asubuhi na hata wateja wanaofata unga wa lishe, ni hili la "dada, we nani anakupa moyo?" Afu ukiwaangalia usoni unaona wanasubiri nitaje yule mdada wa Instagram mwenye tumbo bapa anaekunywa juisi ya kijani pembeni ya bwawa la kuogelea. Sina ugomvi nae kabisa, ila mi naishi Ilazo, maji ya bomba yana siku zake, jua la saa nne linachoma utosi, na upepo wa Dodoma ukiamka vibaya unakula vumbi kabla hujanywa chai, sasa mtu ambae maisha yake hayajawahi kukutana na hivo vitu atanisaidia nini jumanne nikiwa nimechoka na mfukoni nina buku mbili?

Nilichoona kwenye hii kazi ni kwamba watu hawakosi hamasa, hamasa wanayo mpaka imewazidi, simu imejaa video za kuhamasishana, stetasi kila siku maneno mazito, na bado mtu hajatembea hata mpaka gengeni. Shida inaanzia pale mtu anapotaka kumchukua mtu mzima mzima. "Nataka niwe kama fulani." Utakuaje kama fulani wakati yeye ana kochi, ana mpishi na hana mtoto wa kupeleka shule saa kumi na mbili? Kwahiyo mimi ninachofanya na ninachowafundisha watu ni hivi, ukivutiwa na mtu chukua tabia yake MOJA tu, na hiyo tabia uiandikie saa na mahali. "Nitakuwa mkimbiaji" haina saa. "Jumanne na alhamisi saa kumi na moja na nusu alfajiri, kutoka getini kwetu mpaka kipilefti na kurudi", hiyo inayo.

Chukua daftari la shule, lile la bei rahisi linatosha, usinunue la gamba gumu maana utaliogopa. Tenga ukurasa wa afya, ukurasa wa kicheko, ukurasa wa menta, yaani mtu wa kukuongoza. Kila ukurasa majina yasizidi matatu manne. Mbele ya kila jina andika tabia, saa, mahali. Basi. Sasa nikuonyeshe wa kwangu na namna ninavyowatumia, we utaweka wa kwako.

AFYA

Wa kwanza kabisa ni Alphonce Simbu, na sisemi hivo kwasababu ni mtoto wa jirani zetu Singida tu, japo hilo nalo lipo, watu wa kanda ya kati tuna haki ya kuringa kidogo. Septemba 2025 kule Tokyo alichukua dhahabu ya marathoni ya dunia, Mtanzania wa kwanza kabisa kupata dhahabu kwenye mashindano ya dunia ya riadha, na yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda uleule, saa 2 dakika 9 sekunde 48, mpaka ikabidi waangalie picha ya mstari wa mwisho, tofauti yao sekunde 0.03. Kila mtu anaikumbuka hiyo sehemu. Mimi naikumbuka shaba ya London 2017, na Rio 2016 alipomaliza wa tano. Kutoka shaba mpaka dhahabu ni miaka minane, na katikati hapo wengi wetu tulikuwa tumeshamsahau.

Sasa mi siwezi kuchukua kilomita 42 zake, magoti yangu yatanishtaki. Nilichochukua ni kwenda taratibu kwa muda mrefu. Wakimbiaji wa mbio ndefu kilomita zao nyingi za mazoezi wanaenda pole, kasi wanaiweka kwa siku chache, wakati sisi mtu anaanza jumatatu anatoka nduki kama kaibiwa, jumatano kiuno, ijumaa kaacha. Fanya hivi. Anza kwa jogingi dakika moja, tembea dakika mbili, rudia mpaka nusu saa iishe. Kipimo chako ni mdomo. Ukishindwa kumaliza sentensi moja kumwambia mwenzio basi umezidisha, punguza, na ukiweza kuimba ubeti mzima bila kukata pumzi basi ongeza kidogo. Ukiona wiki mbili zimepita na unamaliza vizuri, geuza iwe mbili kwa mbili. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, hiyo ni nusu saa mara tano, na kutembea kwa haraka kwenda kazini inahesabika, kwahiyo wewe unaeshuka kwenye daladala kituo kimoja kabla usijidharau.

Kwa hapa Dodoma saa ni muhimu kuliko raba. Ukishapitisha saa mbili asubuhi, hasa Oktoba na Novemba kabla mvua haijaanza, jua halina utani. Juni na Julai baridi ya alfajiri inauma, vaa sweta ulivue njiani. Kwenye miezi ya upepo tembea na leso ya kufunika pua. Kuhusu raba, za mtumba zinatosha sana (mtumba za kuvaa namaanisha, sio Mtumba ya wizara), angalia tu soli haijalalia upande mmoja na kisigino kinakushika. Wikiendi mkiwa kundi pandeni Mlima Simba, mtu asiende peke yake, bebeni maji na mshuke kabla jua halijawa kali. Na ukitaka tarehe ya kukusukuma, kuna NBC Dodoma Marathon inayofanyika Julai, ina mbio fupi pia, na hela zake zinachangia mapambano ya saratani ya mlango wa kizazi. Hapo nitoke nje ya mada kidogo, mwanamke mwenzangu wa miaka 30 mpaka 50, ukishavaa hiyo tisheti ya marathoni pita na kituo cha afya ukapime, usiishie kupiga picha.

Mwingine kwenye ukurasa huu ni Mzee Mwinyi, Mzee Ruksa. Amefariki Februari 2024 akiwa na miaka 98, na mazoezi yalikuwa sehemu ya maisha yake mpaka uzeeni. Tabia niliyochukua: kula kiasi. Saa: chakula cha usiku. Mahali: kwenye sahani ndogo. Sina la kuongeza hapo.

Afu kuna bibi zetu wa Kigogo, na hapa nakaa kidogo maana ndio kazi yangu na watu wanapapita mbiombio. Mtu anatumia elfu arobaini kununua unga wa kopo kutoka nje ulioandikwa una madini chuma, wakati uwele uko pale Majengo sokoni kwenye debe. Uwele na mtama ndio vilivyokuza watu huku miaka yote kwasababu vinavumilia mvua yetu ya msimu mmoja, na uwele una madini chuma kuliko sembe nyeupe uliyokobolewa mpaka ikaisha. Kama familia imezoea sembe usiwageuzie ghafla watakuasi, changanya nusu kwa nusu, wiki ya tatu wataacha kuuliza.

Mlenda nao. Chukua ule mkavu uliosagwa, chemsha maji kikombe na nusu hivi, tia nyanya na kitunguu, vikilainika nyunyiza mlenda kidogokidogo huku unakoroga usifanye mabonge, weka karanga za kusaga vijiko viwili, dakika tano sita epua. Wengine wanatia magadi ili uvutike zaidi, mi kwa mtu mwenye presha namwambia aache, magadi ni sodiamu hiyohiyo tunayoikimbia kwenye chumvi. Na chumvi yenyewe kwa mtu mzima ni isiyozidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kwa siku nzima, ukihesabu na ile ya kwenye mkate na chipsi. Kama hujui presha yako nenda kapime, ikisoma 140 juu au 90 chini na kuendelea, na ikarudia hivo siku nyingine, huo mlenda wangu sio dawa, muone daktari.

Ubuyu sasa. Mibuyu imetuzunguka kila kona ya mkoa na bado mtoto ananunua pipi. Tumia unga mweupe wa ubuyu, sio zile mbegu nyekundu za kwenye kifuko, zile ni sukari na rangi vinakusalimia. Unga wa ubuyu una vitamini C ya kutosha na vitamini C inaharibika kwa moto, kwahiyo usiuchemshe, subiri uji upoe mpaka unaweza kuunywa ndio utie kijiko ukoroge. Na hapo ndio uji wa uwele na ubuyu unapokuwa na akili, maana vitamini C inausaidia mwili kufyonza madini chuma ya kwenye nafaka, wakati chai ya rangi inafanya kinyume chake. Kunywa chai yako saa moja mbali na chakula. Bibi hawakuwa na maabara ila walikuwa wanapatia.

Kitu cha mwisho kwenye ukurasa wa afya sio mtu, ni mahali, Kongwa. Kuna vitu viwili vimetokea Kongwa ambavyo mi nikivilinganisha napata akili ya biashara na ya mwili pia. Cha kwanza, 1947 Waingereza walikuja na mradi mkubwa wa karanga, matrekta, reli, maelfu ya wafanyakazi, wakakutana na udongo unaokuwa mgumu jua likiwaka, mibuyu isiyong'oka, na mvua ambayo haikuwasikiliza, 1951 wakaufunga. Cha pili, miaka ya 1990 watafiti walikuwa wanahangaika na trakoma, ule ugonjwa wa macho unaoleta upofu, wakalinganisha vijiji, vingine walipewa dawa ya macho peke yake na vingine dawa pamoja na kampeni ya kuwaosha watoto uso. Vile vya kuosha uso trakoma kali ilipungua zaidi. Kuosha uso tu jamani, na kwenye eneo ambalo maji ni ya shida, na haihitaji ndoo, maji kidogo tu yanatosha uso wa mtoto. Kwahiyo kabla hujatangaza kwenye grupu kwamba mwaka huu unapunguza kilo ishirini, jiulize hilo wazo lako ni karanga au ni kuosha uso.

KICHEKO

Wengi ukurasa huu wanauacha mtupu, hasa wanaume wa maofisini, wakidhani kicheko kinakuja chenyewe. Kuna watafiti wa Oxford, kundi la Robin Dunbar, waliwapima watu uwezo wa kuvumilia maumivu kabla na baada ya kuangalia komedi, wakakuta waliocheka kweli walivumilia zaidi, na kucheka kwenye kundi kunatokea kwa wingi kuliko mtu akiwa peke yake. Sasa we unamwangalia Joti saa sita usiku umejifunika shuka na simu usoni unatabasamu kimyakimya, hiyo ni burudani sikatai, ila angalia nae mtu. Tafuta klipu za marehemu King Majuto kaa na mama mkwe sebuleni. Hiyo iandike, "ijumaa baada ya kula, sebuleni, simu moja watu wote."

Ila Mtanzania kusema kweli hahitaji klabu ya kucheka, utani tumezaliwa nao. Babu anamwita mjukuu wake mke mwenzie na bibi, shemeji anakudai mahari ya uongo, Simba na Yanga wanataniana tangu miaka ya 1930 (Yanga 1935, Simba 1936, sisemi mi ni wa wapi). Na makabila yana watani zake, na mtani kwenye msiba anafanya kazi kubwa kuliko mchungaji, anaiba sufuria, anamwigiza marehemu, wafiwa wanacheka huku machozi yanatoka. Dodoma ya sasaivi wizara zimehamia, kila kabila liko ofisi moja, hiyo ni mali. Namna ya kuutumia: jua nani ni mtani wako, ukiwa mgeni ofisini uliza tu "watani zangu wako wapi hapa", watajitokeza. Anza kwa kujitania wewe mwenyewe kabla hujamtania mwenzio. Na lazima uende na kurudi, kama yeye hawezi kukujibu kwasababu wewe ni bosi wake, huo sio utani tena, ni uonevu wenye meno nje.

Mtu ninaemtaja kwenye ukurasa huu ni Madan Kataria, daktari wa Mumbai, India. 1995 alianza na watu watano kwenye bustani asubuhi, wanapeana vichekesho wanacheka. Haikupita muda mrefu vichekesho vizuri vikaisha, vikabaki vya matusi na vya kuumizana, watu wakaanza kununa. Badala ya kufunga akaamua vichekesho vifutwe, wacheke bila sababu, kicheko cha kulazimisha pamoja na pumzi, akaona kinageuka cha kweli chenyewe mkiangaliana. Sisi tunafanya hivi tukimaliza tizi. Simameni duara, vuta pumzi puani polepole, itoe yote. Pigeni makofi kwa mdundo mnasema "ho ho, ha ha ha", mara kadhaa huku mnatembeatembea ndani ya duara. Afu kila mtu amwangalie mwenzie machoni amsalimie kwa kicheko badala ya maneno. Dakika tano mpaka kumi inatosha. Siku ya kwanza mtaona aibu, hasa wapita njia wakisimama kuangalia, wakaribisheni. Aliefanyiwa upasuaji karibuni au mwenye ngiri akae pembeni apumue tu.

Kuna vicheko viwili vya kuwa navyo makini. Kimoja ni kile cha Kashasha, kule Kagera. Januari 1962, mwezi mmoja na kitu baada ya uhuru, wasichana wa shule ya bweni walianza kucheka wakashindwa kujizuia, wakafika 95 kati ya wanafunzi 159, na Machi shule ikafungwa. Duniani wanaisimulia kama kitu cha kufurahisha, ila waliochunguza wanaona ilikuwa msongo, watoto wamebanwa hawana pa kusemea, na kicheko chenyewe kilikuwa kinachanganyika na kulia. Kwahiyo kwenye kundi lako, yule anaecheka kupita wote, anaechekesha mpaka pale ambapo hapastahili, mvute pembeni umuulize anaendeleaje nyumbani.

Kingine ni cha hapahapa kwetu. Hospitali ya Mirembe iko mjini kwetu, ni hospitali kubwa ya taifa ya afya ya akili, na sisi tumegeuza jina lake tusi. Mtu akikosea kidogo, "huyu apelekwe Mirembe", wote kwa kwa kwa. Mi kwenye kundi langu hicho kichekesho nimekipiga marufuku, waliokasirika wakasirike, maana nimeshaona mtu chakula hali, usiku hapati usingizi, anaambiwa aende akaonwe anasema bora nife kuliko nionekane getini pale. Yeye aliyajifunza wapi hayo kama sio kwenye vicheko vyetu?

MENTA

Hapa kuna watu wawili ningependa uwajue. Wa kwanza ni Hukwe Zawose, Mgogo aliezaliwa 1938, mpiga ilimba na zeze, sauti yake sijui niseme nini. Baada ya uhuru Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam, baadae akawa mmoja wa nguzo za Chuo cha Sanaa Bagamoyo, akazunguka dunia na muziki wa Kigogo mpaka lebo ya Peter Gabriel, mwanamuziki wa Uingereza, ikamrekodi, akafariki Desemba 2003. Ninachochukua kwake ni namna alivyorithisha. Watoto, mpwa wake Charles, ukoo mzima, walijifunza kwa kukaa nae, wanapiga nae, wanasafiri nae. Hakukuwa na semina. Kama unataka kuona hiyo kitu kwa macho nenda Chamwino kwenye tamasha la muziki wa Cigogo, utaona mama anapiga ngoma ya muheme na binti mdogo kakaa pembeni yake nae kashika yake, hamna mtu anamwelekeza, anaangalia mikono.

Menta basi anatafutwa hivo, kwa kukaa karibu na kazi yake. Kosa la vijana wengi ni ule ujumbe wa "habari, naomba uwe menta wangu." Mtu ana foleni ya wateja, ana mtoto anaumwa, unamkabidhi na maisha yako. Atajibu sawa, na hamtaonana. Muombe kitu kidogo kinachokwisha, na wewe uende na mikono. Ujumbe wenyewe uwe kama huu:

"Shikamoo mama. Naitwa fulani, natengeneza unga wa uji hapa Nkuhungu. Nimeona bidhaa yako sokoni ina alama ya TBS, hongera sana. Nina swali moja tu, ulianza na kupima sampuli au ulianza na kurekebisha jengo? Naweza kuja jumamosi saa mbili nikusaidie kupaki huku unanieleza, au nikupigie dakika kumi muda utakaopanga wewe. Ahsante mama."

Hapo umemsalimia kwa heshima, umeonyesha unaijua kazi yake, swali ni moja na la kweli, na umempa njia mbili za kukubali. Akikubali fika kabla ya saa, beba nauli yako, vaa nguo za kazi, usitoe simu kurekodi bila ruhusa. Baada ya wiki mbili mrudishie majibu, "mama nilifanya ulivyosema, imetokea hivi." Hilo la kurudisha majibu ndio linalomfanya akupende, wengi wanachukua ushauri wanapotea nao.

Na usitafute mmoja wa kila kitu. Tafuta wa kazi, anaejua hiyo biashara, na kama humpati anza na ofisi ya SIDO, wanafundisha usindikaji na wanajua njia ya kwenda TBS, shirika la viwango, kwa mjasiriamali mdogo, jina la biashara BRELA unasajili kwa mtandao. Tafuta mzee mmoja wa maisha, haijalishi anauza nyanya. Na tafuta mdogo wako, wa miaka ishirini na kitu, akufundishe simu, mi wangu ni binti wa UDOM ndie anaenipigia picha za bidhaa, namlipa kwa uji na hela kidogo, na ananikosoa bila kuogopa. Kama mko kundi ulizeni halmashauri ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, mkopo hauna riba, ila kaeni na kikundi kilichokwisha kuupata kwanza wawaambie karatasi zipi zinasumbua.

Wa kumkimbia ni menta ambae somo lake la kwanza ni wewe kununua boksi la bidhaa zake, na yoyote anaesema kitu kimoja kinatibu sukari, presha, ngiri na ndoa. Tanzania hii tulishapanga foleni Loliondo 2011, kikombe cha dawa ya Babu shilingi 500, magari kilomita na kilomita, kwahiyo tunajua kiu ya watu ilivyo. Wewe unaeuza mlonge au unga wa lishe, usimwambie mteja aache dozi yake hata siku moja. Hilo kwangu halina mjadala.

Mtu wa pili ni Dkt. Dixon Chibanda wa Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili. Alimpoteza mgonjwa wake, binti aliejiua, familia ilikuwa imekosa nauli ya basi, kama dola 15, ya kumrudisha kliniki. 2006 akaanza na bibi 14 pale Mbare, Harare, akawafundisha kusikiliza, akaweka benchi la mbao nje ya kliniki. Mtu anakuja anakaa na bibi. 2016 utafiti wao ukatoka kwenye jarida la JAMA, waliokaa na wale bibi baada ya miezi sita walikuwa na dalili chache za sonona kuliko waliopata huduma ya kawaida. Bibi jamani, sio maprofesa.

Namna wanavyofanya unaweza kuiga kiasi kwenye kundi lako la VICOBA au jogingi. Mwache mtu aongee mpaka amalize, usimkate kwa "hata mimi". Andika matatizo anayoyataja. Mrudishie, "umesema ada, umesema mume, umesema kukosa usingizi, unataka tuanze na lipi?" Achague yeye, moja. Mpange hatua moja ndogo anayoiweza wiki hii, nani wa kumuona, siku gani. Wiki ijayo arudi aeleze. Akitaja kutaka kujiua hapo umefika mwisho wa uwezo wako, usimwache peke yake, mpeleke hospitali siku hiyohiyo, Mirembe, Benjamin Mkapa, ya mkoa, yoyote iliyo karibu, na muende wote.

Daftari lipitie kila mwisho wa mwezi. Jina ambalo mbele yake kuna saa na umeitimiza mara nyingi kuliko ulivyoikosa, liache, unaweza kumuongezea tabia ya pili. Ambalo saa yake imekushinda badilisha saa kwanza kabla ya kumlaumu mtu, labda alfajiri sio yako, jaribu saa kumi na mbili jioni jua likishapoa. Na ambalo lina sifa nyingi ila hamna saa wala mahali, futa, na kule Instagram muanfolo kabisa bando lipumue. Ila namba ya yule mama wa unga usiifute hata kama hamjaongea muda mrefu, siku mkaguzi wa TBS akipiga simu anakuja utaitafuta.